Kutua Mara Mbili

Kama uliwahi kuishi upande wetu wa Migwani miaka ya themanini au tisini, basi ulimwona Ndinda akitua mara mbili. Hata kama hukulijua jina lake, ulimwona. Anafika nyumbani na maji, anapiga goti, anaushusha mtungi taratibu, anauvua mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso ili kichwa na shingo viusaidie mgongo kubeba. Mpaka hapo ni mama kama mama mwingine yeyote. Kisha anasimama na kuuvaa ule mukwa tena, mtupu, bila kitu nyuma. Anainama kana kwamba amebeba ghala zima. Anakaza mwili mpaka mishipa ya shingo inatokeza. Halafu analegea, kidogo kidogo, kuanzia vidole vya miguu, huku pumzi ikimtoka kwa sauti ya maji yanayomwagwa: ssssss. Anautua mzigo wa pili, ambao haupo. Ndipo anaingia ndani.

Sisi watoto wa jirani tulimwiga tukicheka. Siku moja mama yangu alitukuta tukiiga hivyo mlangoni pa jikoni, na mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa kuchapa ovyo, alituchapa. "Si mlangoni!" alisema. "Mkitaka kucheza hivyo, nendeni nyuma ya ua." Hakutukataza kuiga, mnaona? Alitukataza kuiga mlangoni.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza Ndinda mwenyewe. Alinieleza akichambua ndengu kwenye uteo, bila haraka, akitupa mawe madogo pembeni. Nami ninawaeleza kama nilivyoelezwa.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa na mahindi ya manjano ya msaada. Ndinda alikuwa na miaka ishirini na miwili na mtoto mmoja wa kiume wa miezi saba. Mumewe, Kisilu, alikuwa Mtito Andei akiwatilia madereva wa malori mafuta kwenye kituo cha petroli, na nyumbani alikuja akipewa ruhusa, yaani si mara nyingi. Bomani walibaki watatu: Ndinda, mtoto, na mama mkwe wake Syokau. Mtoto alikuwa amepewa jina la babu yake, marehemu Mutunga, mume wa Syokau. Kwa hivyo nyanya yake, kama desturi yetu ilivyo, alimwita mume wangu. "Mume wangu ameamka vibaya leo," angesema. "Mume wangu amenikojolea tena, na bado sina pa kumrudisha." Hiyo ndiyo ilikuwa mizaha ya Syokau. Kwa mambo mengine yote alikuwa mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, mdomo umefungwa, mtu wa kuitwa msiba ukitokea.

Ndinda alipoolewa, Syokau ndiye aliyempa mukwa. Ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe, wa zamani, mweusi kwa jasho na mafuta, laini kama sikio la mbuzi. "Mimi shingo yangu imechoka," alimwambia. "Uchukue wewe."

Maji yalikuwa mtoni, na mto wetu ni mchanga. Mwaka ule akina mama walichimba mashimo marefu kuliko mtu, wakaingia ndani, wakangoja ardhi itoe maji kama ngozi inavyotoa jasho, kikombe kwa kikombe. Kwenda na kurudi kulimaliza asubuhi yote. Kabla hujafika mtoni, njia inapinda, na kwenye kona ile kuna rundo la mawe linalofika kiunoni. Ukilitazama utasema ni mahali pazuri pa kuegemeza mtungi upumzike bila kuuvua mukwa. Lakini wanawake wa kwetu hawakupumzika pale. Ukiwauliza sababu, walikuwa hawaijui. Mama zao hawakupumzika pale, basi.

Ndinda alikuwa ameolewa kutoka mbali. Siku moja, saa sita mchana, jua limesimama juu ya kichwa na hakuna hata ndege anayelia, aliegemeza mtungi wake kwenye yale mawe akavuta pumzi. Alipoinuka, mzigo ulikuwa mzito kuliko alivyouweka. Aliguna, akafikiri ni uchovu, akaenda.

Nyumbani aliushusha mtungi. Akauvua mukwa, akautundika kwenye msumari. Lakini mzigo haukushuka.

Hivyo ndivyo alivyoniambia, na alinitazama kuona kama nitacheka. Mukwa uko msumarini, naye anausikia ukimvuta pajini. Shingo imeinama mbele na haitaki kunyooka. Mabega yamepanda masikioni. Usingizi ukimchukua, anaota anapanda mlima. Akiamka, meno yanamuuma kwa kuyakaza. Ile alama ambayo ukanda huacha kwenye paji, ambayo kila mama huwa nayo na huisha jioni, kwake haikuisha.

Mambo madogo yakafuata. Mbuzi wao jike, mpole wa kulishwa mkononi, akawa hataki kupita nyuma ya Ndinda; atazunguka boma lote apite mbele yake. Na mtoto, Mutunga, akawa hataki mgongo. Akiwekwa mgongoni alikunja miguu na kujisukuma nyuma akilia, kama mtu aliyeketishwa kwenye kiti chenye mwenyewe. Akibebwa kifuani alinyamaza, ila aliinua macho juu ya bega la mamake, akatazama nyuma, kimya, muda mrefu. Mara nyingine alinyoosha mkono, kiganja wazi, vile watoto hufanya wakiona mtoto mwenzao.

Halafu maziwa yakaisha.

Hapo ndipo Ndinda alipoanza kuogopa. Mtoto wa miezi saba, mwaka ule, bila titi: sina haja ya kuwaeleza zaidi. Mbuzi alikuwa amekauka. Uji ulikuwa wa yale mahindi ya manjano, na tumbo la mtoto liliukataa. Na lililomtisha Ndinda zaidi ni kwamba asubuhi alipoamka matiti yalikuwa yamejaa. Alikuwa anayasikia yamejaa. Akienda kuwasha moto tu na kurudi, ni matupu, mepesi, kana kwamba mtoto ameshanyonya akashiba. Na mtoto yuko kwa nyanya yake, analia.

Akaenda dispensari. Nesi alikuwa msichana aliyeitwa Wamucii, mtu wa Nyeri, mwenye mikono ya upole na Kikamba cha maneno matatu. Ndinda naye alikuwa na Kiswahili cha sokoni: bei gani, punguza, njoo, nenda. Wamucii alimpima mtoto, akampima mama, akambonyeza mabega.

"Mama, wewe hauna ugonjwa. Mwili imekaza kama mti. Ni mawazo. Wewe tulia."

"Tulia?" Ndinda akauliza.

"Eeh, tulia. Hiyo tu. Ukitulia, maziwa itakuja yenyewe."

"Leo?"

"Leo, kesho, kila siku, mama! Tulia!"

Ndinda alitoka nje akiwa amechoka kabla ya kuanza. Maana Tulia, kwa asiyejua, ni soko. Liko ng'ambo ya mto wetu, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Kila siku! Alifikiri: labda huko kuna dawa, labda kuna daktari mkubwa. Huyu msichana amesema wazi, mara nne, na hata mkono ameelekeza mlangoni.

Jioni alimweleza mama mkwe wake. Syokau alikuwa anakoroga uji. Mwiko ukasimama.

"Amesema uende wapi?"

"Tulia, mwaitu." Mwaitu ni mama, na mkwe mwema humwita mama wa mumewe hivyo.

"Usiende Tulia."

"Maziwa yatarudi nikienda. Amesema."

"Nimesema usiende." Na Syokau, ambaye hakuwahi kupoteza punje, aliuacha uji ukaungua, akatoka nje akasimama akiutazama upande wa mto mpaka giza likaingia.

Lakini kulipokucha mtoto hakulia. Alikuwa amelala macho wazi, midomo imekauka, na hakulia. Ndinda alimweka mapajani mwa nyanya yake, akauchukua mukwa kutoka msumarini kwa mazoea tu, maana hakuna mwanamke wa kwetu anayetoka bila mukwa, akaondoka. Syokau alimkumbatia tu yule mtoto.

Alifika Tulia saa sita. Haikuwa siku ya soko. Palikuwa na maduka machache, mashine ya kusaga unga isiyo na mahindi ya kusaga, na wanaume watatu wamekaa kivulini mwake. Mwenye mashine aliitwa Musembi, mtu wa mdomo. Ndinda akawaamkia, akauliza dawa ya maziwa inatolewa wapi.

"Maziwa ya nani?"

"Yangu. Nesi wa Migwani ameniambia nije Tulia nitapona."

Musembi alimtazama, akawatazama wenzake. Kisha akaipiga mashine yake kofi kwa furaha. "Mama! Huyo nesi amekuambia utulie! Utulie, upumzike! Ni Kiswahili! Hakukuambia uje Tulia!"

Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. "Angemwambia pole, angetafuta gari la kwenda Pole."

"Na angemwambia lala salama?"

"Huko ni mbali, huko ni lazima alale njiani!"

Ndinda alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Hakulia. Alisema alisikia tu shingo ikizidi kushuka, ikishuka, mpaka akawa anatazama miguu yake mwenyewe.

"Nyamazeni, nyinyi wanaume wa mashine iliyokufa," sauti ya mwanamke ikasema. "Mnacheka maneno yake, na mwili wake je? Mtazameni shingo."

Alikuwa Kalunde, muuza mikwa. Kibanda chake kilikuwa mti mmoja uliolazwa juu ya mapanda mawili, na mikwa imening'inia, mipya, migumu kama mbao, maana ngozi mbichi ni hivyo mpaka ivaliwe na kutiwa mafuta. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mnene, na ugoro puani. Alimwinua Ndinda kwa mkono mmoja akampeleka kwenye kibanda chake.

"Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

"Nimeuza mikwa miaka ishirini. Namjua mtu aliyebeba." Akazunguka nyuma ya Ndinda. Akatulia. Kisha Ndinda akasikia mkono wa Kalunde ukiinuka chini ya mgongo wake, pale penye hewa tupu, kama mtu anayepima gunia kabla ya kununua. Ukapanda kidogo, ukashuka kidogo.

Kalunde aliporudi mbele, ule ujasiri wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Si maji," alisema. "Maji hucheza ukitembea. Mzigo huu hauchezi."

"Ni nini?"

"Mimi nauza mikwa, siulizi watu wanabeba nini. Lakini kutua nitakufundisha. Mama yangu alinifundisha, maana alibeba kuni miaka mingi mpaka hata akiwa kanisani amekaa, shingo ilikuwa bado inabeba. Vaa huo mukwa wako."

Ndinda akauvaa.

"Sasa beba. Usilegee, mwanzo ni kukaza. Ukiuambia mwili uliochoka ulegee, haujui unaambiwa nini. Ni kama wewe na huyo nesi wako. Uonyeshe kwanza kukaza, ndipo utajua tofauti. Vidole vya miguu, vishike ardhi. Zaidi. Magoti. Tumbo. Shika mukwa kwa mikono pembeni mwa masikio, uvute mbele, shingo isukume nyuma. Meno. Kunja hata uso. Bana pumzi, hesabu hatua kumi kana kwamba unapanda."

Ndinda alikaza mpaka akaona nyota.

"Sasa acha, lakini usitupe. Mzigo hautupwi. Vidole vya miguu kwanza, viache. Magoti yalainike. Tumbo lishuke. Pumzi itoke kwa meno, polepole, kama unamwaga maji usitake yaruke. Mabega. Taya. Ulimi nao, watu husahau ulimi, uache ulale. Mwisho wa yote ni mukwa. Unapiga goti, unashusha, unauvua, unainuka. Na ukiinuka hutazami nyuma."

Ndinda alikuwa ameshafika kwenye goti. Alisikia kitu kikianza kuteleza mgongoni, polepole, kama mtoto anayeshuka.

"Hapana!" Kalunde akamdaka mkono. "Si hapa! Hapa nafanya biashara, watu wanapita. Nenda kautue kwenu, nyuma ya ua, mahali ambapo hapapiti mtu. Akipita mtu, atauokota."

"Kuokota nini? Si umesema hujui kuna nini?"

"Kama hakuna kitu," Kalunde akasema, "basi tua popote unapotaka." Na akageuka akaanza kuipanga upya mikwa iliyokuwa imepangwa vizuri.

Ndinda alirudi. Njia nzima aliurudia ule mchezo moyoni: vidole, magoti, tumbo, pumzi, mabega, taya, ulimi, mukwa. Kwenye kona ya mawe alipita haraka, na alisema mzigo ulijigeuza mgongoni, kama aliyelala anapogeuka akisikia anatajwa.

Alipokaribia nyumbani jua lilikuwa linazama. Akasikia mtoto. Sauti ilikuwa imerudi, lakini nyembamba, kama mlio wa kifaranga. Alikuwa amepanga kwenda nyuma ya ua. Niamini, alikuwa amepanga. Lakini wewe ungezunguka ua, na mtoto wako analia hivyo? Alisimama pale pale mlangoni pa jikoni. Akakaza mwili wote. Akalegea, kama alivyofundishwa. Pumzi ikamtoka, ssssss, goti likagusa ardhi, na mukwa ukavuliwa.

Vumbi liliruka kidogo pale chini, kama kitu kimewekwa. Hakutazama nyuma. Shingo ikanyooka yenyewe. Kabla hajamchukua mtoto, gauni lilikuwa limelowa kifuani. Mutunga alinyonya, akalala akinyonya, akaamka akanyonya tena.

"Mungu ni mkubwa," Syokau alisema, na machozi yakamtoka. Kisha akachukua taa akatoka kwenda kulala nyumba yake. Alipita mlangoni.

Asubuhi Ndinda aliamka akiwa mwepesi kama msichana. Alimfunga mtoto mgongoni, na mtoto akakaa, shavu begani, bila neno. Akatoka na kikombe cha uji kumpelekea mama mkwe wake.

Syokau alikuwa nje, amesimama uani katika jua la asubuhi. Shingo yake ilikuwa imeinama mbele. Pajini palikuwa na alama ya ukanda, mbichi, nyekundu, na huyu ni mtu ambaye hakuwa amebeba maji kwa miaka minne.

Ndinda akaangusha kikombe. "Mwaitu, nisamehe. Ni mimi. Nilitua mlangoni." Na kwa haraka, bila mpangilio, akamweleza yote: mawe, Tulia, mwanamke wa mikwa. "Nirudishie. Nitainama nyuma yako uniwekee. Ni wangu."

"Na maziwa?"

Mgongoni, Mutunga alikuwa anapumua vizuri, joto lake linapita kwenye leso. Ndinda alijua kabisa kinachofuata akiuchukua ule mzigo.

"Nipe tu, mwaitu. Mungu atajua."

"Wewe mtoto," Syokau akasema, "tazama mikono yangu."

Ndipo Ndinda akaitazama. Mtu aliyebeba maji hushika mukwa pembeni mwa masikio. Mikono ya Syokau ilikuwa nyuma, chini, viganja vimepishana juu ya hewa. Vile unavyomshika mtoto mgongoni asiteleze.

"Nimeamka nao, nikaujua," Syokau akasema. "Hata kabla sijafungua macho. Unafikiri mtu husahau uzito?"

Wakakaa chini, mmoja kwenye kigoda, mwingine kwenye kinu kilicholazwa, na Syokau akasema jambo ambalo hakuwa amewahi kulisema, si kanisani, si kwa Kisilu. Mwaka wa sitini na moja, njaa ilipokuwa kubwa, walisikia chakula kinagawiwa Tulia. Kisilu alikuwa na miaka mitatu, akaachwa kwa nyanya yake. Dada yake, Kavata, alikuwa na mitano, na miguu ilikuwa imemvimba. Syokau alimfunga mgongoni kwa nguo, akapitisha mukwa chini ya mtoto, akauvaa pajini. Mukwa ule ule.

"Alikuwa anauliza, Tumefika Tulia? Nikasema, karibu. Tumefika Tulia? Nikasema, tumebakisha mlima mmoja. Aliuliza njia yote. Kabla ya kushuka mtoni aliacha kuuliza, nami nikafurahi kwamba amelala. Nilifurahi. Sikuwa na nguvu ya kumrudisha. Nilimweka kwenye kona, nikakusanya mawe, kwa sababu ya fisi. Kisha niligeuka nikarudi nyumbani. Nikawaambia watu amefia hospitali, na wamemzika wao. Tulia sikufika. Mpaka leo sijafika Tulia."

Ndinda alisema hata kuku pale uani walikuwa wamesimama.

"Nesi wako hakukosea," Syokau akasema akiinuka. "Lete mukwa."

Waliondoka watatu, au wanne, hesabu unavyotaka. Syokau mbele, mukwa pajini, mikono nyuma. Ndinda nyuma yake na mtoto. Jua lilipanda. Ndinda alisema njia nzima Syokau alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini, si na yeye. "Tunashuka sasa. Huu ni mchanga, mguu unazama, usiogope. Tumebakisha mlima mmoja." Kisha ananyamaza kama anayesikiliza swali. "Karibu. Tumebakisha mlima mmoja." Na Mutunga, mgongoni kwa mamake, alikuwa amenyoosha shingo akitazama mbele, mgongo wa nyanya yake, na alikuwa anacheka kile kicheko kidogo cha mtoto anayechezewa uso.

Walipofika, Musembi alikuwa pale pale kivulini. "He! Leo mmekuja wawili! Leo daktari amesema nini, mama?" Kisha macho yake yakashuka kwenye mikono ya Syokau. Alisimama. Alivua kofia, na hakujua kwa nini anavua kofia.

Kalunde hakuuliza. Alitazama, akaisukuma mikwa yake yote upande mmoja wa mti, akafagia kwa mkono kipande cha ardhi nyuma ya kibanda, chini ya ukuta wa duka, mahali ambapo hapapiti mtu.

"Hapa," alisema. "Mlete hapa."

Ndinda akamwelekeza kama alivyoelekezwa. Vidole, mwaitu. Magoti. Tumbo. Syokau alikaza mpaka mwili wote ukatetemeka, na alibana pumzi muda mrefu kuliko hatua kumi, mrefu mno, mpaka Kalunde akamgusa mkono: "Inatosha. Acha sasa." Akaanza kuacha. Vidole vya miguu. Magoti. Pumzi ilitoka na haikuisha. Ndinda alisema hajawahi kusikia mtu akitoa pumzi ndefu hivyo, kama iliyowekwa ndani tangu zamani. Mabega. Taya. Alipofika kwenye ulimi, ulimi haukulala. Ulisema:

"Tumefika Tulia, mwana wakwa."

Akapiga goti. Akashusha. Mikono ilibaki chini kidogo, imezunguka kitu, halafu ikaachana. Akauvua mukwa, akauweka pale pale ukutani, akainuka. Shingo ilikuwa wima. Hakutazama nyuma, ingawa Ndinda aliona macho yake yanavyotaka.

Njiani kurudi, walipoupita mto, alisema jambo moja tu. "Unajua, alikuwa mwepesi kuliko maji."

Syokau aliishi miaka tisa zaidi, na alilala usingizi wake vizuri. Mutunga alikua, yuko Mtito Andei sasa kama babake, mrefu wa kugonga milango kichwa. Ndinda alinunua mukwa mpya kwa Kalunde, mgumu kama mbao, uliomchubua paji mwaka mzima mpaka ukalainika. Na kila alipotoka mtoni alitua mara mbili. Aliwafundisha wanawake wengine, nao wakaona usingizi unakuja, kichwa hakiumi, hasira kwa watoto inapungua. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Walitua nyuma ya ua.

Lakini ule mukwa wa zamani ndio nilitaka kuwaambia. Ngozi, mwaka wa njaa, haikai nje. Mbwa huila, fisi huila, na mtu pia huichemsha. Huu haukuguswa. Mwishowe Kalunde aliuokota akautundika mwisho wa mti wake, na akawa hauuzi. Na ngozi isiyovaliwa wala kutiwa mafuta hukauka ikavunjika. Muuza mikwa yeyote atakuambia hivyo. Kila Ndinda alipokwenda soko la Tulia, mwaka baada ya mwaka, alipita kwa Kalunde, wakasalimiana, akanyoosha mkono akaugusa.

"Bado?" Kalunde angeuliza, bila kugeuka.

"Bado," Ndinda angejibu.

Ulikuwa laini kama sikio la mbuzi. Na katikati, pale panapokaa paji la uso, ulikuwa na joto, kama mukwa uliovuliwa sasa hivi.